Joto Dogo

Léonce, jana alikuja binti wa kina Ouellette,
yule aliyekuwa akitoroka kanisani kabla ya sadaka.
Siku hizi ni fundi.
Aliteremka chumba cha chini, akalimulika tanuri lako,
akaligonga ubavuni kama mtu anayenunua ng'ombe,
akasema, "Miaka thelathini na moja. Limefanya kazi yake."

Sikumjibu.
Kasisi naye alisema hivyohivyo, Oktoba.

Anataka niweke pampu ya joto:
sanduku jeupe nje ya ukuta wa jikoni, na feni yake,
likusanye joto la hewani liniletee ndani.
Nikamwonyesha dirisha.
Hasi ishirini na mbili. Mto umeganda hadi upande wa Marekani,
moshi wa kiwanda cha karatasi umesimama wima,
mbwa wa Normand anainua miguu kwa zamu.
"Joto lipi, mwanangu? La nani?"

Akacheka, lakini hakunicheka mimi.
Akanishika mkono, akaupeleka nyuma ya friji,
kule kwenye vumbi ulilokuwa ukinilaumia.
Vuguvugu.
"Hili limetoka kwenye maziwa yako," akasema,
"na maziwa ni baridi.
Baridi si utupu, Madame Odile. Ni joto dogo."

Maneno hayo yamenikaa kooni tangu jana.

Rhéal akapiga simu kutoka Calgary: weka la gesi, Mama.
Kwake gesi imepita chini ya kila barabara;
kwetu bomba halijafika, na yeye hajafika tangu mazishi.
Normand akaegemea ua: umeme ukikatika, utaganda na sanduku lako.
Hapo nikakumbuka ule usiku wa mvua ya barafu,
nyaya zimelala barabarani,
tangi limejaa pomoni, na tanuri kimya,
maana nalo haliwaki bila umeme;
sisi na makoti kitandani,
kisha wewe na tochi, umepiga magoti, unalibembeleza
kwa sauti ambayo mimi hukuwahi kunibembelezea.
Normand hakuwa na la kusema.
Mzoea punda hapandi farasi,
lakini hata punda hula, na huyu anakula lita elfu mbili kwa msimu.

Najua kwa sababu nimefungua daftari lako.
Bei ya lori la Cyr, mwaka kwa mwaka, kwa penseli.
Chujio, Novemba. Nozeli, Januari.
*Limekohoa saa tisa usiku.*
Na ukurasa mmoja, katikati ya hesabu, bila kupigiwa mstari:
*O. ana homa. Nimepandisha hadi 24.*
Bili ya mwezi ule ilikuwa kubwa, na ulinigombeza kwa taa za varanda.

Nimetia sahihi, Léonce. Pampu inakuja Alhamisi.
Tanuri nimesema libaki, kwa zile usiku za hasi thelathini
ambazo hata msichana alikiri, akikuna shingo,
kwamba sanduku lake litahema.
Akaandika: *viwili pamoja*. Akasema wengi hufanya hivyo.

Sikumwambia sababu nyingine.
Kwamba saa kumi kasorobo kuna mlio mdogo kule chini,
kisha kimya, kama mtu anayetafuta miwani,
kisha pumzi ndefu, na mabomba yanajinyoosha ukutani,
na kwamba tangu Oktoba
hakuna kingine katika nyumba hii kinachoamka kabla yangu.

Usiku wa leo nimeteremka na taa.
Ngazi ya tatu bado inalegea; ulisema utaipigilia.
Penseli yako iko palepale, imefungwa kwa uzi kwenye bomba.
Nimeandika chini ya mstari wako wa mwisho,
herufi zangu kubwa mno kwa visanduku vyako:

*Februari. Chujio jipya.
Limekohoa mara moja. Nilikuwa macho.*